Biblia ya zipu ya maandishi makubwa (Union Version): maoni yangu baada ya kuitumia kipindi kigumu

Watu wanafanya rivyu za simu, za blenda, za majiko ya gesi, mi leo nafanya ya Biblia, msinishangae. Neno la Mungu halihitaji nyota zangu, naongelea kitabu chenyewe, kile cha kushika mkononi, karatasi, maandishi, zipu, uzito, na kama kinamfaa mtu ambaye maisha yamembana. Mana Biblia ya kubeba Jumapili kwenda na kurudi kanisani haina mtihani wowote, hata iweje itakufaa. Mtihani ni Biblia ya kusomea kwenye kiti cha hospitali masaa manne huku umechoka, una njaa, na una maswali.

Niseme naongea nikiwa wapi ili muelewe. Mzee wangu figo zimegoma, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila akikaa pale ni kama masaa manne mashine inazunguka. Mkono mmoja ndo una sindano, ule hautakiwi kukunjwa wala kuchezewa, kwa hiyo kila kitu anakifanya na mkono uliobaki, kunywa maji (na maji yenyewe ya kupimiwa), kupokea simu, kujikuna, kufungua kitabu. Wanaouguza wanajua, anayeumwa ni mtu mmoja lakini mifuko inayotoboka ni ya ukoo mzima, kuna shamba limeshauzwa, kuna mdogo wetu kasimamisha chuo, na mi mwenyewe kazi zangu nimezibana zikae siku ambazo si za hospitali. Biblia yake ya siku nyingi, ile aliyopewa kipindi cha kipaimara, maandishi ni madogo mno, na kisukari kilishayapitia macho kabla hakijafika kwenye figo. Ndo tukanunua hii.

Nilinunua duka la vitabu la kanisa huku Dar. Bei siweki mana inabadilika kila ukigeuka na kila duka lina yake, ila jua tu maandishi makubwa inakaribia mara mbili ya ile ya kawaida, na ukitaka jalada la ngozi na kingo za dhahabu unapanda tena. Kingo za dhahabu hazina faida yoyote kwa mgonjwa, acha. Ushauri kabla hujalipa, fungua zipu pale pale dukani, pitisha kurasa zote kwa kidole gumba, hasa kwenye Zaburi na Isaya katikati, angalia kama kuna kurasa zimerudiwa au zimeruka, mana vitabu vinene wakikosea kushona ndo inavyokuwaga. Muuzaji akinuna mwache anune.

Sasa maandishi. Hapa hela yangu imerudi. Herufi zimekolea, mistari imeachana, na vitabu vya mashairi wamevipanga kama mashairi kweli, kila mstari unajitegemea, macho yakipotea yanajua pa kurudi. Mzee anaweza kusoma Zaburi mwenyewe ikiwa imewekwa mbele yake, na hicho kitu alikuwa hajakifanya muda mrefu. Kasoro ni mbili. Ya kwanza maneno ya Yesu ni mekundu, na chini ya zile taa nyeupe za wodini wekundu unapauka, mzee anasema humu ndani Herode anaongea kwa sauti kubwa kuliko Yesu. Ya pili marejeo, yale maandishi ya chini yanayokwambia mstari huu uangalie pamoja na mstari fulani, yameachwa madogo vile vile kana kwamba anayehitaji maandishi makubwa hana haja ya marejeo. Na marejeo ndo utamu wenyewe. Uko Mathayo 27:46, Yesu msalabani analia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", unaangalia chini unaambiwa nenda Zaburi 22, unafika kule unakuta ni mwanzo kabisa wa zaburi ya Daudi, yaani hata Yesu alipozidiwa alichukua malalamiko yaliyokuwa yameshaandikwa akayafanya yake. Nilivyomsomea mzee hiyo akanyamaza muda mrefu, halafu akasema basi na sisi tunaruhusiwa.

Uzito. Hapa ndo tatizo na sitalipamba. Hii Biblia ni nzito bana. Mtu mwenye mikono miwili mizima hataona shida, lakini mtu aliyelala nusu na mkono mmoja umefungwa hawezi kuishika, akiiweka kifuani inambana pumzi, akiiweka pajani inateleza, na karatasi ni nyembamba zinashikana mbili mbili, kwa mkono mmoja hufunui ukurasa unafunua sura nzima. Tulijaribu mto, tukajaribu kameza ka kulia chakula, kidogo afadhali. Mwisho tukakubaliana, Zaburi atasoma mwenyewe nikimuwekea, mengine namsomea mimi.

Na kumbe kusomewa nako kuna raha yake. Ukisoma kimya kimya unaruka usipopapenda. Ukisoma kwa sauti, na baba yako ni mwalimu mstaafu, hauruki kitu, ukiruka anasikia. Na majirani wanasikia pia. Kitanda cha pili kuna bibi mmoja Muislamu, siku tulipoanza Ayubu akasema huyo hata sisi tunaye, subira ya Ayubu, soma mwanangu usione haya, sasa tukichelewa kuanza yeye ndo anauliza leo Ayubu kafikia wapi.

Zipu ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Ndani tunaweka kadi ya kliniki, kadi ya bima, risiti, karatasi ya vipimo vya damu, kila kitu kiko sehemu moja, hakuna kutafutana asubuhi. Ikianza kukwama paka mshumaa kwenye meno yake inateleza. Nyuzi za alama ziko mbili, moja tumeiacha Zaburi ya kudumu, nyingine inatembea.

Lugha sasa, mana ndo swali la kwanza watu wanauliza, Union au Habari Njema. Union Version ni ile ya 1952, Kiswahili chake kina "walakini" na "naam" na "yu hai", vijana wa leo wanaona kama wanasoma barua ya babu. Kwa kufundishia Sunday school mi mwenyewe natumia Habari Njema, inaeleweka haraka. Ila kwa mgonjwa mtu mzima hapana, mpe Union. Hii ndo aliyoikariri akiwa mtoto, unasoma nusu ya mstari yeye anamalizia, "naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti", na mdomo wake umeshafika kwenye gongo na fimbo kabla yako. Siku ambazo sukari imeshuka na kichwa hakishiki kitu kipya, yale ya zamani yanatoka yenyewe. Hilo tafsiri mpya haiwezi kulifanya hata iwe nzuri kiasi gani. Mkatoliki naye aangalie, Union ya kawaida ina vitabu 66, akitaka na vile vya Deuterokanoni itabidi achukue Habari Njema yenye navyo.

Na nipite hapa kidogo kwenye historia, mana nilikuwa naijua nusu nusu na nilipokaa nayo imenigusa. Hii Union haikushuka tu. Nyuma yake kuna kazi za tafsiri za Unguja na za Mombasa, kuna Edward Steere wa misheni ya UMCA pale Unguja, na kabla yake Johann Ludwig Krapf, yule Mjerumani aliyetumwa na CMS, misheni ya Waanglikana wa Uingereza. Krapf alifika pwani yetu mwaka 1844 na mkewe Rosine akiwa mjamzito. Mwezi wa sita mwaka huo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa saba mke amejifungua, wote wana homa, mke akafa, na katoto kachanga nako kakafuata siku chache baadaye. Kaburi liko Mombasa upande wa Nyali. Akawaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi la peke yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ni ishara kwamba mapambano yameanza. Halafu akarudi kwenye tafsiri. Mi sijui ningekuwa mimi ningerudi kwenye nini. Lakini nikimsomea mzee Mwanzo huwa nakumbuka kwamba mtu wa kwanza kukaa chini kuiweka sura hizi kwa lugha yetu aliifanya hiyo kazi akiwa na msiba mbichi ndani ya nyumba.

Haya, twende kwenye kilichonifanya niandike.

Ukiwa na mgonjwa wa muda mrefu watu wanakuja na mistari. Nawashukuru wote, wengine wamekuja na nauli ya kukopa. Lakini mistari ni ile ile, na inayoongoza ni Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho". Ipo kwenye vikombe, kwenye stika za bajaji, kwenye kadi za graduesheni, kwenye status. Na sasa mtu anamshika mzee mkono anamwambia, Mungu anakuwazia mema baba, ndani ya mwezi huu utasimama. Tumeshasikia ya mwezi huu miezi kadhaa sasa.

Uzuri wa Biblia kubwa iliyofunguka mapajani ni kwamba mstari haukai peke yake, unaona majirani zake wote bila kupenda. Juu yake kabisa, mstari wa 10, Mungu anasema miaka sabini ikitimia Babeli ndo nitawajilia. Sabini! Mstari wa 5 anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, wa 6 oeni mzae wana na binti. Hii ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka, wametolewa kwenye mji wao, wako mbali na hekalu, na wanaambiwa fungueni mabegi mmefika. Mzee mwalimu akapiga hesabu pale pale kitandani, akasema mama (mimi ananiita mama), waliosomewa barua hii wengi wao walifia huko huko. Ndio baba. Na bado Mungu akayaita mawazo ya amani? Ndio baba. Akasema basi rudia tena, taratibu.

Na rudi nyuma sura moja, ya 28, kuna nabii Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema kwa jina la Bwana, miaka miwili tu, mambo yote yanarudi, vyombo vya hekalu, mfalme, mateka wote, akachukua na ile nira Yeremia aliyokuwa ameivaa shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli akaivunja. Unadhani watu walimpenda nani pale kati ya mwenye miaka miwili na mwenye sabini? Kinachonishangaza Yeremia hakumrukia, alianza kwa kusema Amina, Bwana na afanye hivyo, yaani na mimi natamani iwe hivyo kaka. Na nira ilipovunjwa akaenda zake. Baadae ndo Mungu akamtuma arudi kumwambia Hanania umewatumainisha watu hawa uongo. Mi nikikaa na wale wa ndani ya mwezi huu huwa najaribu kuishia kwenye amina ya Yeremia, natamani na mimi, kuliko mtu yeyote. Ila kuna mmoja alivuka mpaka. Alikuja kuomba, akamaliza, akamwambia mzee kama imani yako ni ya kweli acha hizo mashine, ukiendelea nazo unamwonyesha Mungu kwamba humwamini.

Jamani. Niliseme kwa herufi zote, mtu ambaye figo hazifanyi kazi akiacha kusafishwa damu maji yanajaa mwilini mpaka kwenye mapafu, potasiamu inapanda, moyo unasimama, ni siku au wiki chache. Usimwambie mtu wa Mungu hivyo. Nilitaka kujibu vibaya, mzee akaniwahi, akasema Danieli tatu, soma. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la moto, wanamwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu linakuja neno ambalo mahubiri mengi hayafiki, "Bali kama si hivyo", ujue hatutaiabudu sanamu yako. Mzee akamwambia yule mgeni, mi nipo hapo kwenye bali kama si hivyo, na mashine ni za Mungu pia. Mgeni akaaga.

Kwa hiyo ndo nasema nunua Biblia nzima, na nunua yenye maandishi ambayo mgonjwa ataona mwenyewe kwamba yapo, mana kuna vitu humu asipoviona kwa macho yake atadhani umevitunga. Zaburi ya 13 inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mtu anamuuliza Mungu maswali ya hata lini mfululizo kabla hajasema jambo lingine, na ikaachwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada, ikaimbwa. Mstari wa mwisho anamwimbia Bwana kwa kuwa amemtendea kwa ukarimu, vizuri, lakini ya 88 hata hilo haina. Ya 88 inaishia gizani, "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani", kwisha, hakuna haleluya, unafunua ukurasa unakuta ya 89. Mara ya kwanza kuisoma kwa sauti pale hospitali nilitamani niruke, nikakumbuka mwalimu anasikia. Akaniambia hiyo ndo yake ya usiku. Miezi yote hiyo alikuwa analala na hayo maneno bila kujua kwamba kuna mtu alishayaandika na kuyaanza na "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu". Anamlalamikia Mungu lakini hajaenda kwa mwingine. Mi kumtumaini Mungu nilikuwa naona ni kutabasamu na kusema sijambo Bwana asifiwe mtu akipiga simu. Huyu wa Zaburi 88 hatabasamu popote na bado kila siku mchana na usiku anamwita huyo huyo.

Ayubu tulisoma yote, sura 42, mfululizo, na si kitabu chepesi, katikati pale marafiki wanaongea mpaka unatamani wanyamazishwe. Wakati mzuri wa wale marafiki ni mwisho wa sura ya pili, walipokaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kumwambia neno, kwa sababu waliona mashaka yake ni makubwa mno. Wangeishia hapo tungewakumbuka kwa wema. Walipofungua mdomo wakaanza kutafuta dhambi yake ilipo. Bibi wa kitanda cha pili akasema hao hata kwetu mtaani wapo. Na mwisho, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anawakasirikia wao waliokuwa wakimtetea, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Ayubu aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake! Na jambo lingine, Ayubu hakuambiwa sababu. Sisi wasomaji tunajua yale mazungumzo ya sura ya kwanza na ya pili, yeye Mungu alipomjibu kwenye upepo wa kisulisuli alimuonyesha bahari na nyota na mbuni na mamba wa ajabu, sababu hakumpa. Mzee hilo lilimkera siku mbili. Siku ya tatu akasema alau alimjibu, ulikuwa na wasiwasi gani mama, ulidhani nataka maelezo.

Sikuwa najua.

Paulo nitapita haraka mana anajulikana, mwiba, aliomba mara tatu utoke, jibu likawa "Neema yangu yakutosha". Nachosema tu ni kwamba jibu la hapana limeandikwa kwa mtume mkubwa namna ile, kwa hiyo asije mtu kupima imani ya baba yangu kwa matokeo ya kreatinini, kile kipimo cha figo. Na Habakuki sura ya 3 nenda kaisome kwa mtu wa kijijini aliyeuza shamba, "mashamba hayatatoa chakula, zizini hamtakuwa na kundi", halafu "Walakini nitamfurahia BWANA". Ile walakini ya Union, acha tu.

Sasa kulinganisha na vitu vingine mnavyoweza kununua. Vile vijitabu vya ahadi, mistari imepangwa kwa mada, hofu ukurasa huu, magonjwa ukurasa ule, tumeletewa vitatu. Ni vyepesi, hata kwa mkono mmoja unashika, na asubuhi ya haraka vinasaidia. Ila wamechuma matunda tu mti wameuacha, hakuna Zaburi 88 mule, hakuna Hanania, ukiugua mwaka mzima vinaanza kukusuta, ahadi zote hizi na wewe bado hujapona, una shida gani. Simpi mtu anayeumwa muda mrefu kijitabu peke yake.

Biblia ya kwenye simu ni bure, unakuza maandishi unavyotaka, na gizani inasomeka. Mzee aliitumia kidogo. Shida ni kwamba simu ni simu, katikati ya Maombolezo inaingia meseji ya mkopo wa haraka, inaingia video ya kwenye grupu la ukoo, mkono mmoja unabonyeza pasipo, umeshatoka, urudi wapi. Kwa mimi mlezi ninayesoma kwenye daladala inanitosha. Kwa yeye hapana. Biblia ya sauti kwenye memori kadi ndo mshindani wa kweli, hasa siku macho yakigoma kabisa, na usiku nyumbani tunaitumia kwenye redio ndogo. Lakini msomaji wa sauti hasimami ukimwambia rudia taratibu.

Nani anunue hii? Wewe mwenye mzazi ambaye macho yamepungua na alikulia kwenye Union, nunua, usisubiri apone ndo umpe zawadi. Wanaouguza kwa zamu, nunueni, inakuwa kama daftari la makabidhiano, sisi ukikuta uzi uko Maombolezo 3 unajua jana ilikuwa siku mbaya lakini walifika kwenye "Ni mpya kila siku asubuhi". Kijana wa kusoma mwenyewe kitandani kwa mkono mmoja, usinunue, utaiangusha usoni. Na kama unanunua ya kumpa mgonjwa ambaye hata hujawahi kwenda kukaa naye, nakushauri kwanza nenda kakae, kitabu kitafuata.

Nyota nampa nne. Moja na nusu ningekata kwa uzito na yale marejeo madogo, lakini zipu imeniregeshea nusu. Karatasi sijailalamikia sana, mana wakiifanya nene kitabu kitakuwa tofali.

Ninachotafuta sasa ni Zaburi peke yake, kitabu chembamba, Union Version, maandishi makubwa kama haya au kuzidi, kisizidi uzito wa daftari, ashike mwenyewe na mkono wake mmoja bila kunisubiri mimi. Nimeona vile vya Agano Jipya na Zaburi vya mfukoni ila maandishi ni yale yale madogo. Duka la pale mjini wameniambia hawana na hawajui kama kinachapwa. Kama kuna mtu amekiona, iwe Dodoma, Arusha, Mwanza, Nairobi, Mombasa, popote, aniandikie hapa chini na nauli ya basi nalipa mimi.